Baiskeli haina gia, mama ana miguu

Mbukwa, msomaji wangu! Hiyo ndiyo salamu ya huku kwetu Dodoma, na ukisalimiwa hivyo usikae kimya kama mtu aliyemwagiwa maji. Itikia "mbukwa" na mambo yaende. Leo sina habari za mastaa wala za mapenzi. Nina habari ya usafiri, tena usafiri wa magurudumu mawili, breki mbili, gia moja na mama mmoja wa miaka 46, ambaye ndiye mwenzenu ninayeandika hapa.

Nakaa Nkuhungu. Kama hujawahi kufika, Nkuhungu iko upande wa kaskazini-magharibi wa mji. Vumbi letu kiangazi na tope letu masika vyote vina sifa zake. Kazi yangu iko mjini, duka la vifaa vya shule na ofisi, jirani na Soko la Majengo. Kwa njia ninayopita mimi ni kilomita sita kwenda na sita kurudi, siku sita za wiki. Duka linafunguliwa saa 1:30 asubuhi. Bosi wetu, ambaye jina nalihifadhi kwa kuwa bado nakula kwake, ana daftari. Ukiingia saa 1:45, daftari linakula shilingi 2,000 za mshahara wako. Husemi kitu, unatazama tu linavyotafuna.

Hebu tupige hesabu pamoja. Desemba 2023 nauli ya daladala kwa safari isiyozidi kilomita 10 ilipanda kutoka shilingi 500 hadi 600. Kwenda na kurudi 1,200. Siku 26 za kazi kwa mwezi, 31,200. Hapo sijaweka zile asubuhi ambazo gari linapita limejaa hadi mlangoni, konda ananing'inia kama nguo kwenye kamba, na wewe huna jinsi ila kudandia bodaboda ya shilingi 2,000 kukimbia daftari lile lile linalotaka 2,000. Yaani unalipa huku ili usilipe kule! Na nyumbani kuna kijana wa kidato cha nne mwenye michango yake, ada ya mdogo wake, na baba watoto ambaye ni fundi ujenzi: kazi ikiwepo tunacheka, isipokuwepo tunaangaliana.

Mwezi wa sita zamu yangu ya upatu ilifika. Wenzangu walinishauri vitenge, mwingine akasema friji dogo la kuuzia barafu. Mimi nikasema nanunua baiskeli. Wee! Walinitazama kama nimesema nanunua treni.

Sasa swali likawa, baiskeli gani? Kijana wangu alikuwa na yake ya gia 18, aliyopewa na mjomba wake. Ilipokuja ilikuwa inapendeza usipime. Baada ya miezi minane ya mchanga wa Nkuhungu, zile gia 18 zilikuwa zimebaki moja, na hiyo moja ilijichagua yenyewe. Ukitaka nyepesi inakupa nzito, ukitaka nzito mnyororo unaruka unakaa pembeni. Nilimpelekea fundi wetu wa mtaani, mzee wa Kigogo ambaye ofisi yake ni kivuli cha mwarobaini na sanduku moja la bati.

"Mama," akaniambia huku akifuta mikono, "gia nyingi ni kama wake wengi. Mmoja akinuna, nyumba nzima hailali."

Nikamuuliza yeye ana wake wangapi. Akacheka, akasema ana mmoja na Phoenix moja, na vyote vina miaka zaidi ya thelathini.

Basi nikaelewa somo. Baiskeli ya gia moja haina kile kidude cha nyuma cha kuhamisha mnyororo, haina waya wa gia wa kukatika, haina vijimeno vya kujaa mchanga. Mnyororo umenyooka, unatoka mbele unakwenda nyuma, basi. Ndiyo maana Phoenix za China, Hero za India na Raleigh za Mwingereza zimebeba nchi hii miaka na miaka, mkaa, madumu ya maji, magunia ya viazi, bibi harusi na hata wagonjwa. Kule Shinyanga baiskeli za abiria zimeitwa "daladala" kabisa. Zote hizo gia moja, na mzigo umefika.

Lakini Phoenix ya kiume ina ule mtalimbo wa juu, na mwenzenu navaa gauni. Nikaenda mjini wanakouza mtumba wa Japani. Nikaikuta pale, rangi ya bluu iliyopauka, kikapu mbele, keria nyuma, fremu imeinama katikati ili uingie bila kurusha mguu, kufuli lake limejengewa kwenye gurudumu la nyuma, mnyororo umefunikwa usile gauni. Shilingi 150,000 baada ya kubishana mpaka mate yakakauka. Na jina lake mnalijua? Wajapani baiskeli za namna hii huziita mamachari. "Mama" kwao ni mama kama kwetu, na "chari" ni neno lao la mtaani la baiskeli. Baiskeli ya mama! Nikasema hii imesafiri baharini kunitafuta mimi.

Jioni ile kijana akageuza baiskeli miguu juu, akahesabu meno. Mbele 32, nyuma 14. Gurudumu la inchi 26 likizunguka mara moja linatembea mita mbili na kidogo. Akachora chora kwenye daftari lake la hesabu, akasema, "Mama, ukikanyaga mzunguko mmoja unakwenda mita 4.7. Mpaka Majengo ni mizunguko kama 1,280." Nikamwambia asante mwanangu, ungeninyima hiyo habari ningelala vizuri zaidi.

Wapo watakaosema gia moja ni umaskini. Ngoja niwape kisa. Mashindano makubwa ya baiskeli duniani ni yale ya Ufaransa, Tour de France, yaliyoanza mwaka 1903. Mwanzilishi wake, Henri Desgrange, hakuzipenda gia hata kidogo. Mwaka 1902 aliandika kwamba gia za kubadilisha ni za watu waliovuka miaka 45. Kwenye mashindano yake ziliruhusiwa mwaka 1937 tu, na mwaka huo akashinda Mfaransa Roger Lapébie. Kabla ya hapo, wanaume wale walipanda milima ya Alps bila kibadilisha gia. Wengine walikuwa na meno pande mbili za gurudumu la nyuma, wakifika mlimani wanashuka, wanalifungua, wanaligeuza, wanaendelea. Sasa mimi nina miaka 46, kwa hiyo hata huyo mzee angeniruhusu gia. Nimekataa mwenyewe!

Nikajiwekea wiki nne za majaribio. Zikinishinda, nauza.

Jambo la kwanza ulijue, msomaji, ni kwamba Dodoma si tambarare kama watu wa Dar wanavyodhani. Tuko kwenye uwanda wa juu, mita kama 1,100 kutoka usawa wa bahari, na ardhi inapanda na kushuka taratibu kama mtu anayepumua usingizini. Ukiwa kwenye daladala hujui. Ukiwa juu ya pedeli, magoti yanakuambia. Kila kimwinuko ambacho miaka yote nilikipita nikiwa nimesinzia, sasa nakijua kwa jina na kwa ukoo.

La pili ni upepo. Jamani, upepo wa Dodoma! Kiangazi unavuma kutoka mashariki na kusini-mashariki, na kutoka Nkuhungu kwenda mjini ndiko huko huko unakoelekea. Asubuhi unakupiga usoni, unakuwekea mkono kifuani kana kwamba unakudai. Mwenye gia anashusha, anakanyaga nyepesi nyepesi, anasonga. Maana gia ndogo inakupa wepesi kwa kukunyang'anya mwendo, na gia kubwa inakupa mwendo kwa kukunyang'anya nguvu. Mwenye gia moja ameshachaguliwa. Anachobakiza ni kusimama juu ya pedeli au kushuka na kusukuma. Wiki ya kwanza nilisukuma mara tatu, na nilipofika dukani nilikuwa nimelowa kama nimetoka kisimani. Tangu siku hiyo blauzi ya kazi inakaa kwenye kikapu, ndani ya mfuko wa nailoni.

Ila jioni, lo! Upepo ule ule unakuja nyuma, unakusukuma mgongoni hadi nyumbani. Naona watu wamebanana kwenye daladala, mimi nateleza, gauni linapepea, breki ya nyuma inalia kama mbuzi kila nikiigusa. Hizi baiskeli za Japani breki ya nyuma ni za utepe unaobana ngoma, na zikizeeka zinalia. Kengele sikuhitaji.

La tatu ni mbigili. Hawa ndio polisi wa barabara zetu. Mbigili ana miiba iliyokaa kila upande, hivyo akianguka vyovyote vile mmoja lazima utazame juu. Mwezi wa kwanza nilipata pancha saba. Fundi akanifundisha: ukiona mwiba kwenye tairi na upepo bado upo, usiuchomoe. Mwiba wenyewe ndio kizibo. Kanyaga mpaka ufike kwenye pampu na soleshini, ndipo uchomoe. Siku hizi natembea na tyubu ya akiba, pampu ndogo na viraka, na pancha ya mbele naiziba mwenyewe kwa dakika kumi na tano. Ya nyuma bado namwachia mzee wa mwarobaini.

Ni yeye pia aliyenipa dawa ya upepo. Wiki ya tatu magoti yalianza kulalamika, nikamweleza. Akasema, "Baiskeli yako ina gia moja, lakini nani kakwambia lazima iwe hiyo?" Akafungua meno 14 ya nyuma, akafunga ya 16, akasogeza gurudumu mbele kidogo ili mnyororo utoshe. Kazi na kifaa, 8,000. Sasa mzunguko mmoja ni mita nne na ushee. Mizunguko ya kwenda kazini imefika kama 1,450, lakini kila mmoja ni laini. Na akainua kiti. Wengi wetu tunakaa chini mno, magoti yanagusa kidevu. Kipimo chake ni hiki: kaa, weka kisigino kwenye pedeli ikiwa chini kabisa, mguu uwe umenyooka. Nilivyopanda kesho yake nilidhani kaniuzia miguu mipya.

Sasa tuje kwa binadamu, maana barabara ina watu wake.

Pale kijiweni kwetu madereva wa bodaboda walinibatiza jina "Mama Tour". Kila asubuhi: "Mama Tour, panda huku, utazeeka!" Siku moja nikasimama, nikawauliza kama wanajua neno bodaboda limetoka wapi. Kimya. Nikawaambia limetoka Busia, mpakani mwa Kenya na Uganda, vijana walipokuwa wanavusha abiria kutoka mpaka hadi mpaka, kwa baiskeli! Za gia moja kama yangu. "Kwa hiyo mimi ndiye bibi yenu," nikasema, "nisalimieni vizuri." Toka siku hiyo wananiamkia shikamoo, ingawa kwa kucheka.

Mama mkwe hakucheka. Anakaa nasi, mama wa watu, ametoka Bahi. Aliniita pembeni ya jiko akashusha sauti. "Mwanangu, mke wa mtu anakanyagia barabarani watu wote wakimwona?"

"Mama, nimevaa suruali ndani ya gauni. Hata upepo umekata tamaa."

"Siyo upepo ninaousema. Ni maneno ya watu."

Nilijua anachosema. Mtaani kwetu mwanaume akipanda baiskeli ni usafiri, mwanamke akipanda ni habari. Kuna jirani aliyemwambia kabisa kwamba mwanawe ameshindwa kumpa mkewe nauli. Lile neno lilimuuma yeye kuliko mimi, na lilimfikia baba watoto. Alikula ugali wake kimya. Sikubishana na yeyote. Nikaweka kopo la mafuta ya kupikia lililokwisha juu ya kabati, na kila jioni nikatumbukiza 1,200 mbele ya wote. Kling, kling. Kopo likaanza kusema.

Kisha likaja la kutisha. Wiki ya sita, saa moja kasoro asubuhi, kwenye barabara kubwa. Lori la mchanga likanipita karibu mno wakati gari jingine linakuja mbele. Hakupiga honi. Upepo wake ulinivuta, kisha ukanitupa. Nikatoka kwenye lami, gurudumu la mbele likazama kwenye kifusi, nikaanguka kwa bega. Blauzi ya kazi ilitoka kikapuni, nikaiona ikisagwa na tairi la gari lililofuata, pale pale nilipokuwa sekunde chache kabla. Nilikaa pembeni nikaitazama ile nguo kwa muda. Dereva hakusimama. Nikafika kazini saa mbili, daftari likala.

Usiku ule ndipo baba watoto alipofungua mdomo. "Acha. Nauli nitatafuta." Nikamuuliza ataitafuta wapi, na sikuuliza kwa dharau, niliuliza kwa sababu mezani kulikuwa na barua ya shule. Hakujibu. Siku mbili nilipanda daladala. Siku ya tatu, Jumapili, akanichukua tukatembea kwa miguu kutoka nyumbani hadi Majengo, tukitafuta njia za ndani, mitaa kwa mitaa. Tukaipata moja inayogusa barabara kubwa kidogo sana. Ni hiyo ya kilomita sita. Ya mwanzo ilikuwa fupi zaidi, lakini ufupi wake mwenzenu nimeuona. Kesho yake akanikabidhi kizibao cha kung'aa cha wajenzi, cha kwake mwenyewe. "Vaa hiki hata mchana," akasema. Hakuongeza neno.

Na hapa nina dukuduku. Serikali iliamua mwaka 1973 kuhamishia makao makuu Dodoma, na mwaka 1976 ukatoka mpango mkuu wa mji, uliotayarishwa na kampuni ya Project Planning Associates ya Toronto, Kanada. Mpango ule haukuuota mji wa kila mtu na gari lake. Ulifikiria watu wanaotembea kwa miguu, wanaopanda baiskeli na mabasi. CDA iliyoundwa kuujenga ikavunjwa Mei 2017, mji ukapandishwa hadhi kuwa jiji Aprili 2018, mwezi ule ule ambao Umoja wa Mataifa uliitangaza Juni 3 kuwa Siku ya Baiskeli Duniani. Tangu serikali ihamie kweli kweli, lami imeongezeka na magari yameongezeka. Mimi sitaki makubwa. Nataka kipande cha pembeni, upana wa mama na kikapu chake, ambacho lori haliruhusiwi kukigusa. Kilikuwa kwenye mawazo ya wakubwa kabla hata sijazaliwa.

Turudi kwenye kopo. Tumeingia mwezi wa kumi na moja, miezi mitano kamili. Ukitoa zile siku mbili za daladala, limepokea zaidi ya 153,000. Fundi, tyubu, viraka na yale meno 16 vimelipwa na ile hela iliyokuwa inakwenda kwa bodaboda. Kwa hiyo baiskeli imejilipa, na kuanzia mwezi huu ni faida. Kwenye daftari la bosi jina langu limetokea mara mbili tu: siku ya lori na siku niliyopata pancha mbili kwa mpigo. Siku nzuri natumia dakika 28, siku ya upepo 35, na kubwa zaidi ni kwamba najua. Daladala haikupi saa, inakupa matumaini.

Kijana ameingia kwenye mtihani bila kudaiwa mchango hata mmoja. Hilo sikulisema kwa mtu, lakini mama mkwe alikuwepo siku kopo lilipomwagwa mezani na hela ya shule ikahesabiwa. Wiki moja baadaye akaniita tena pembeni ya jiko, sauti chini kama siku ile.

"Hiyo keria yako inabeba debe la mtama?"

"Inabeba, mama."

"Basi Jumamosi upitie mashine."

Sasa wewe unayefikiria kujaribu, sikiliza. Nunua gia moja kama fundi wako ni wa chini ya mti. Mwambie akufungie meno ya nyuma kulingana na upepo na milima ya kwenu, siyo yaliyokuja nayo. Inua kiti. Tairi liwe gumu kwenye lami, lilegee kidogo kwenye mchanga. Tafuta njia Jumapili kwa miguu, kabla ya Jumatatu kwa pedeli. Vaa kitu kinachong'aa. Na maneno ya watu yaweke kwenye keria, yakizidi uzito yatadondoka yenyewe.

Mwezi ujao mvua zinaanza. Njia yangu inavuka korongo moja ambalo sasa ni mchanga mtupu, na masika hugeuka mto. Baba watoto anasema siku za mvua nitapanda gari. Mimi nimeshamuuliza fundi bei ya madigadi marefu. Tutaona nani atashinda, nitawaandikia.